Sauti Yangu Kwenye Harusi ya Yotham

Sehemu ya tano

Mlionipigia simu kuuliza kama nilimfuata Lydia mle ndani ya studio ya Gerson, jibu ni hapana. Sikuingia. Nilisimama ng'ambo ya barabara nyuma ya magunia ya karanga, mpaka mwenye magunia akaniuliza kama nanunua au nalinda.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita: naitwa Kefa, mpiga picha, studio yangu iko Majengo hapa Dodoma. Lydia Matonya ni mchumba wangu. Posa nilipeleka kwao Mlali, ikapokelewa, na pete yangu iko kidoleni mwake. Gerson ni mpiga picha mwenzangu, yuko mtaa wa pili, na siku ile nilimwona mchumba wangu akitoka studio kwake anacheka.

Kwangu hajawahi kutoka anacheka vile. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Lakini niseme ukweli, ugomvi wangu na Gerson haukuanza na mwanamke. Ulianza na kamera.

Kamera yangu ilikuwa ya picha za mnato tu. Kitu kizito, imara, kimenilisha tangu naanza kazi. Walioitengeneza hawakuiwekea video, na mimi sikuona kasoro. Mpiga picha anapiga picha. Anayetaka sinema akatafute watu wa sinema.

Wateja hawakuona hivyo. Siku hizi mtu akiingia studio, haulizi picha zangu zikoje. Anaitazama kamera mezani, anauliza, "Inachukua na video?"

Nikisema hapana, anasema atarudi. Harudi. Namwona akikata kona kuelekea kwa Gerson, ambaye kamera yake inapiga picha na video inachukua hiyohiyo.

Na picha za Gerson ni mbaya, jamani! Watu wanatoka wamefumba macho. Lakini nani ataangalia macho wakati muziki unasikika na shangazi anacheza?

Nilimwonea wivu yule kijana. Niliionea wivu kamera yake, viatu vyake, hata bango lake la studio. Nikisikia bodaboda inapiga breki mtaa wa pili, roho inaniambia, huyo ni mteja wako.

Ndipo ikaja harusi ya Yotham.

Yotham ni kaka yake Lydia, anafanya kazi ofisi moja kule Mtumba. Mimi shemeji mtarajiwa, nilijua kazi ya picha ni yangu bila mjadala. Nikaitwa kwenye kikao cha kamati ya harusi. Mwenyekiti alikuwa shangazi yao, Evarista, mama anayeongea kama anasoma taarifa ya habari.

"Ajenda ya picha," akasema. "Tunapendekeza Kefa apige picha za mnato, na Gerson achukue video."

"Gerson wa nini tena?" nikauliza.

"Kwa sababu kamera yako haichukui video, baba."

"Mimi nitawapa albamu ambayo Dodoma nzima haijaiona!"

Mama Yotham, mama mkwe wangu mtarajiwa, akanitazama kwa huruma.

"Kefa mwanangu, picha zako nzuri. Lakini hazisemi. Mama yangu mzazi atakuja kumbariki mke wa mjukuu wake kwa Kigogo. Ni mzee sana yule. Nataka siku akiwa hayupo, niwe naisikia sauti yake."

Pale ningenyamaza. Lakini Lydia akadakia, "Na video za Gerson zina sauti safi kweli."

Mbele yangu! Mchumba wangu, na pete yangu kidoleni, anamsifia Gerson kwenye kikao!

"Gerson hahitajiki," nikasema. "Nina kamera mpya inakuja. Picha na video, zote nafanya mimi."

Sikuwa na kamera yoyote inayokuja. Shangazi Evarista akauliza kama nina uhakika, nikasema nina uhakika. Jina la Gerson likafutwa. Nilimwona Lydia ameinamisha kichwa, na wivu wangu ukaniambia, unaona, ameumia.

Kesho yake nikaenda kwa Khamisi, anayeuza simu na kamera zilizotumika, hapohapo Majengo.

"Khamisi, hawa wenye viwanda wana akili kweli?" nikaanza. "Kamera ya picha wanaiwekea video ya nini?"

Khamisi akacheka. "Kaka, simu imeshawanyang'anya picha. Kila mtu anajipiga mwenyewe. Kampuni ikileta kamera ya kupiga picha tu, itamuuzia nani? Wewe peke yako. Ona kabati lile. Zile zote ni kamera nzuri, kioo kizuri, hazina video. Zinakula vumbi. Mteja akishika kamera, kabla hajauliza bei anauliza video."

"Hata yule asiyejua kuichukua?"

"Huyo ndiye anauliza wa kwanza."

Akainama chini ya meza, akatoa kamera imefungwa kwenye kitambaa. Nilipoishika, mkono wangu ulikubali wenyewe. Akanitajia bei, nikashtuka jinsi ilivyokuwa ndogo.

"Ya wizi hii?"

"Mimi na wizi wapi na wapi? Mwenyewe kanunua kubwa zaidi. Anataka tu iende kwa mtu wa kazi."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mtu tu. Sasa sikiliza. Hii ni kamera ya picha iliyoongezewa video. Ukirekodi muda mrefu bila kusimamisha, inajizima yenyewe. Usishtuke. Njoo nikuelekeze kidogo."

"Unielekeze kamera? Mimi, Kefa?"

Nikaondoka nayo. Nilitembea kupita mbele ya studio ya Gerson, wala haikuwa njia yangu, kamera imening'inia shingoni makusudi. Gerson akanipungia mkono akitabasamu. Nikajisemea, tabasamu lako linaisha Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Ibada, kisha ukumbini Ihumwa. Gerson alikuja kama mgeni mwalikwa, maana alisoma na Yotham. Nilipomwona amekaa kwenye kiti mikono mitupu, nilisikia raha ambayo hata siku ya posa sikuisikia.

Nina tabia moja ya kazi, na wapiga picha wengi tunayo. Nikiwa nyuma ya kamera, naongea. Naongea chinichini, peke yangu. Namwambia bibi harusi ainue kidevu, namtukana mjomba aliyekatisha mbele yangu. Hakuna anayenisikia, na picha haisikii. Miaka yote hiyo nimeyasema ya moyoni nyuma ya kamera na hakuna aliyeyajua.

Siku hiyo niliongea kuliko siku zote.

Kisa chenyewe ni Lydia. Nilikuwa nimemwomba maji tangu kanisani. Nageuza kamera, namwona anampelekea Gerson soda! Akainama sikioni kwake, wakacheka. Gauni lake la bluu lilimkaa vizuri mno, naye amelivaa huku ameinamia kiti cha mwanaume mwingine.

Bibi alipoinuliwa kumbariki bibi harusi, mimi nilikuwa mbele kabisa, kamera usoni, lakini jicho moja lilikuwa kwa Lydia. Mdomo wangu haukupumzika.

Wakati wa chakula nilibofya mara ya mwisho, nikaiweka kamera juu ya meza ya zawadi, nikaenda kupanga foleni. Nilijua nimemaliza. Kwenye picha, ukibofya imekwisha. Nilisahau kwamba kwenye video, ukibofya ndiyo kwanza inaanza.

Nyumbani nikaikagua kazi yangu kama ninavyokagua picha siku zote. Kila kipande kilinionyesha picha yake ya mwanzo kwenye kioo cha kamera. Nikaona ni kali, rangi safi, napita kwenye kinachofuata. Sikucheza hata kimoja. Nikavihamishia vyote kwenye flashi kama vilivyo, nikiwahi kuvunja kamati.

Kwetu harusi haijaisha mpaka kamati ivunjwe. Watu waliohangaika wanakaa pamoja, wanakula, wanasimuliana vituko na wanatazama video. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tukakusanyika Mlali, nyumbani kwa Mzee Matonya, baba mkwe wangu mtarajiwa. Sebule ilijaa. Hata Gerson alialikwa. Nikasema safi, aje aone kazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Kefa. Leo tunakuona wewe."

Nikachomeka flashi kwenye televisheni. Mama Yotham akamsogeza bibi karibu na kioo kabisa, akamshika mkono.

Picha ikatokea. Bibi harusi Aneth alikuwa anaingia kanisani akiwa amelala ubavu.

Sebule nzima wakainamisha shingo upande mmoja.

"Mbona wamelala?" akauliza Mzee Matonya.

Nikaelewa. Mtu akisimama, sisi wa picha za mnato tunaisimamisha kamera wima. Mkono umezoea. Picha utaigeuza baadaye. Televisheni ya Mzee Matonya huwezi kuigeuza.

Gerson akainuka kimya, akaishika ile televisheni, akataka kuisimamisha kwa ubavu. Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia aiache. Akaiacha.

Kisha sauti ikaja. Sauti yangu, kubwa, karibu kabisa, imeifunika kwaya.

"Mama mkwe toa hicho kilemba, kimemeza safu nzima."

Watu wakacheka tena. Mama Yotham mwenyewe akacheka, akashika kichwa chake.

"Shangazi naye, mwone, anacheza kama anafukuza kuku."

Shangazi Evarista hakucheka.

"Na wewe Gerson, kaa hapohapo. Suti ya kuazima hiyo. Leo huna kamera, huna jina."

Kicheko kikaisha. Gerson alikuwa anatazama viatu vyake, vilevile nilivyovionea wivu.

"Zima," akasema Mzee Matonya.

"Rimoti iko wapi?" Yotham akaanza kuinua mito.

"Msizime," akasema Mama Yotham. "Mama bado hajabariki."

Nikasema, "Mama, niacheni nikairekebishe, nitaileta wiki ijayo."

"Kaa chini, Kefa."

Nikakaa. Kwenye kioo bibi akainuliwa, akaweka mkono kichwani kwa bibi harusi. Midomo yake ikaanza kucheza. Mama Yotham akasogea mbele, akatega sikio.

Na mimi nikasikika.

"Cheka. Cheka naye tu, Lydia. Mimi maji hunipi, yeye soda. Kaa hapo ucheke. Nikishakuoa utacheka na sufuria."

Bibi alibariki mwanzo mpaka mwisho, na hakuna neno lake hata moja lililosikika. Kilichosikika ni Lydia, soda, sufuria, Lydia, sufuria. Pale kwenye kioo watu wakapiga vigelegele. Pale sebuleni hakuna aliyetikisika.

Bibi mwenyewe akamgeukia mwanawe. "Nani huyu anasema juu ya sauti yangu?"

Mama Yotham akauinamia mkono wa mama yake. Alikuwa analia bila sauti, na sikuwahi kumwona akilia.

Nilimtafuta Lydia kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la nyama, hajaliweka chini wala hajasogea.

"Labda kuna kipande kingine," Mama Yotham akasema, akajifuta uso. "Labda mama aliongea tena baadaye. Endeleeni."

Kilikuwepo kimoja. Kile ambacho sikujua kama nimekichukua.

Kwenye kioo likaonekana karatasi la zawadi lenye maua, na nyuma yake gauni la bluu kuanzia kiunoni. Picha haikuwa na vichwa. Sauti zilikuwa safi kabisa, maana mimi sikuwepo.

"Gerson, nakushukuru mno." Ilikuwa sauti ya Lydia. "Kamati ingempita mara hii, Kefa asingesimama tena."

"Khamisi hajamwambia kama kamera ilikuwa yangu?"

"Hajamwambia. Akijua ataitupa barabarani, mimi namjua. Mwache aamini ameipata mwenyewe."

Kamera ilikuwa mapajani mwangu, kitambaa chake nimekiacha mezani. Niliileta makusudi ili Gerson aione. Nilitamani niiweke mahali, lakini kila mahali palikuwa na mtu ananitazama.

Kumbe zile safari zote za kwenda studio kwake, zile nilizozihesabu nyuma ya magunia ya karanga, alikuwa ananiombea kamera. Alimwendea mshindani wangu akamwomba aniuzie silaha ya kupigana naye, na Gerson akakubali. Siku ile nilipopita mbele ya studio yake kwa mbwembwe, alikuwa anaipungia mkono kamera yake.

Mtu mwenye akili angesimama hapo, akapiga magoti. Lakini video haikuwa imeisha.

"Na ile ahadi yako?" sauti ya Gerson ikauliza.

"Iko palepale."

"Utamwambia lini?"

"Ngoja kwanza harusi ipite. Nikishamweleza Kefa kwamba mimi na wewe..."

Kioo kikawa cheusi.

Khamisi aliniambia. Ukirekodi muda mrefu inajizima yenyewe, usishtuke.

Gerson akainuka. "Mzee, naomba nieleze."

"Kaa, Gerson," akasema Lydia. Akaliweka sinia chini. "Baba, naomba nizungumze mwenyewe."

Mzee Matonya akamtazama binti yake, kisha akanitazama mimi. "Zungumza."

Lydia akaja mpaka mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Kefa, umesikia nilichokufanyia. Umesikia na ulichonisemea, na ulichomfanyia bibi yangu. Sasa mimi nakupa nafasi. Ukimwomba bibi msamaha, ukaniomba na mimi, nitavaa pete hii mpaka siku ya ndoa, na hiyo ahadi nitakueleza nikiwa tayari. Lakini ukiniuliza ahadi gani, nitakujibu hapahapa mbele ya wazazi wangu, na pete yako utarudi nayo Dodoma."

"Lydia..."

"Moja kati ya hayo. Sina la tatu."

Neno lilikuwa rahisi. Mtoto mdogo analijua. Nilimtazama bibi, nikaiona mikono yake imelala magotini, na moyo wangu ulilainika kweli. Nikavuta pumzi nimwombe msamaha.

Ndipo nikaona Gerson anamtazama Lydia. Na Lydia akamtikisia kichwa kidogo sana, kama mtu anayemwambia mwenzake, bado.

Bado nini?

Mimi na wao sote tuko chumba kimoja, na wao wawili wana lao! Wivu ukanipanda, ukapita mbele ya ule msamaha. Nawaapia nilifungua mdomo niseme nisamehe. Kilichotoka ni sauti ileile ya kwenye video, na mara hii sebule nzima iliisikia bila televisheni.

"Ahadi gani?"

Mama Yotham akafumba macho. Lydia hakukasirika, nadhani alikuwa analitarajia swali hilo. Aliivua pete, akaiweka mezani kando ya kitambaa cha kamera, akamgeukia baba yake, na akaanza kunijibu.